Lenzi ya Mpiga Besi

Baba yangu hakuwa mtu wa kudanganywa mnadani, na ndiyo maana siku alipodanganywa tuliikumbuka miaka mingi. Tulikwenda Kisongo kununua ng'ombe wa maziwa, mimi na yeye, kwa miguu. Kutoka huku kwetu juu ya Makumira mpaka Kisongo ni kuvuka Arusha nzima, ila Arusha ya siku zile ulikuwa unaivuka kabla jasho halijakauka. Tulilala kwa shangazi yake njiani, asubuhi tukawa mnadani.

Mmasai mmoja mtu mzima alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye kiwele kizuri. Baba akampapasa mgongo, akamfungua mdomo akatazama meno, akamkamua kidogo kwenye kiganja. Yule Mmasai muda wote amesimama upande wa kushoto, amemwegemea ng'ombe shingoni, anazungumza habari za mvua. Baba naye alikuwa mtu wa adabu, hawezi kumwambia mzee mwenzake asogee. Tukanunua. Tulipofika Tengeru ng'ombe akatumbukia mtaroni, mchana kweupe. Baba akazunguka upande ule wa kushoto akatazama. Jicho jeupe kama ganda la yai.

Hakurudi kugombana. Alisema tumenunua maziwa, hatukununua macho. Kazi yangu ikawa kutembea kushoto kwa ng'ombe kila siku ya kwenda malishoni, mkono kwenye pembe. Miaka mitatu. Nikajua tabia yake. Akifika mahali asipopaona vizuri hasimami kama mwenye woga. Anainamisha kichwa, anajifanya anakula majani. Hali. Anangoja mtu afike.

Sasa miaka zaidi ya hamsini baadaye nami nikaanza kula majani. Nikifika kwenye daraja la miti juu ya mfereji nasimama, najifanya nafunga kamba ya kiatu, mpaka apite mtu nifuate mgongo wake. Nikisalimiwa njiani, shikamoo, naitika marahaba haraka bila kujua ni nani. Siku moja nikamwitikia marahaba mzee aliyenizidi miaka kumi, maana nilidhani aliyesema shikamoo ni yeye, kumbe ni mtu aliyekuwa nyuma yake. Mzee akaniuliza mkubwa nimekuwa tangu lini.

Naandika haya kwa penseli, mwenyewe, na shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnivumilie. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa una mtoto wa jicho, ukaulizwa unataka lenzi gani, ukakosa jibu. Mimi jibu nilikuwa nalo, tena nimelipima kwa kamba, na bado nikakosea.

Ugonjwa wenyewe ulinianza miaka ile biashara ilipofunguliwa. Zamani kahawa yetu yote ilikuwa inakwenda kwenye chama cha ushirika. Mara tukaona vijana wenye miwani ya jua wanasimamisha gari barabarani na mizani yao, wananunua kahawa kavu kwa mtu yeyote. Mjini kukajaa maduka, mitumba, redio za kila namna, na hospitali za watu binafsi. Nasema hivi kwa sababu bila kufunguliwa huko nisingeulizwa nachagua nini. Kaka yangu Naftali, miaka ya nyuma, aliondolewa mtoto wa jicho kwenye hospitali kubwa akapewa miwani minene kama kitako cha chupa ya soda. Basi. Hakuwekewa kitu ndani. Aliona, sikatai, lakini milango ilikuwa inapinda, na chai alikuwa anamimina pembeni ya kikombe. Akitembea ananyoosha mikono mbele kama mtu anayeogelea. Nilimpenda sana Naftali na nilimcheka sana, na nikaapa miwani ile sitaivaa.

Kwa hiyo nilificha. Nilimficha hata mke wangu, Mama Elirehema, mpaka siku nilipoingia ndani nikaona mtu amesimama ukutani, nikamwambia karibu, keti, chai inakuja. Mke wangu akageuka kutazama ukutani. Halafu akauliza, "Limekataa?"

Lilikuwa koti langu la kanisani, kwenye msumari.

Lakini kitu nilichokificha kuliko vyote ni tarumbeta. Kanisa letu la Kilutheri lina kundi la tarumbeta tangu nikiwa kijana, na mimi ndiye wa besi. Besi ni lile tarumbeta kubwa ambalo hulishiki, unalikumbatia. Nimelikumbatia zaidi ya miaka arobaini. Barua ikija nyumbani naisoma huku natoka jasho, silabi moja moja, lakini nota zilinikubali toka siku ya kwanza. Mwinjilisti alinifundisha, nikazisoma kama mtu anayejua njia ya kwao. Mazishi yote ya hapa kwetu, harusi zote, Krismasi na Pasaka, chini ya wimbo nipo mimi. Watu hawaisikii besi. Wanaisikia ikikosekana.

Ukungu ulipoanza nikavuta stendi ya nota karibu. Mwaka mwingine nikaivuta tena. Ilipogusana na besi haikuvutika zaidi, nikaanza kujivuta mimi. Kiongozi wetu ni Eliamini, fundi seremala, mtoto wa rafiki yangu. Yeye ndiye anayetunakilia nota kwa mkono, kila mtu na karatasi yake, jina juu. Hakuniambia neno hata siku moja. Mazoezi ni Jumatano, na kila Jumatano tukimaliza ananiambia, "Tunakwenda vizuri, Baba." Nami nilimwamini.

Tukaenda mjini, mimi na mke wangu, kwenye hospitali moja mpya ya macho. Mbao za mabenchi bado zilinuka vanishi. Pale ndipo nilipojifunza kungoja. Unafika saa mbili, unaandikishwa, unawekewa matone ya kupanua mboni, ule ukungu uliokuwa nao unageuka mwanga mtupu, halafu unakaa. Anayeitwa anaondoka na wewe unasogea makalio. Mke wangu alikuja na ndizi za kuchemsha kwenye hotpoti, akawagawia benchi zima, na kufika saa sita alikuwa anajua kila mtu ana watoto wangapi.

Aliyekuwa kulia kwangu ni Mzee Temba, Mchaga wa Old Moshi, mwenye duka la vipuri vya magari pale mjini. Mkatoliki, sauti kubwa, mtu wa kucheka. Aliniuliza mimi jicho gani, nikamwambia yote. Akasema yake pia yote, na mke wake amechoka naye kwa kusoma majina ya vipuri kwa kukosea, maana wiki ile alikuwa amemuuzia mtu pampu ya maji badala ya pampu ya mafuta, na mteja akaondoka nayo anashukuru.

Daktari alikuwa mama kijana, mdogo kuliko kitinda mimba wetu. Akanisalimu shikamoo, akanitazama kwa ile mashine ya kuwekea kidevu, akasema pole Baba, yamekomaa. Halafu akanieleza kwa kidole gumba, maana aliona mimi si mtu wa vitabu. Alisema anatoa ile lenzi yangu iliyochafuka, anaweka ya plastiki, ndogo kuliko punje ya mahindi. Ila ya plastiki haijivuti kama ya kuzaliwa. Inatazama mahali pamoja tu. Ukichagua mbali, utaona mlima na kitabu utavaa miwani. Ukichagua karibu, utasoma kitabu na mlima utavaa miwani. Unaweza kuchagua katikati pia. Na ipo nyingine ya kuagizia Nairobi, ina duara ndani ya duara, inaona mbali na karibu kwa pamoja, lakini inakula mwanga kidogo, na taa huwa zinavaa pete.

"Sasa Baba, wewe unataka kuona nini?" akauliza.

Nikasema vyote. Akacheka, akasema hata yeye, akanipa wiki mbili nikafikiri.

Jumapili iliyofuata binti yetu Elirehema akaja kutoka Olasiti alikoolewa, tukakaa nje baada ya ibada. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, mikono yetu sote ina utomvu. Binti akataka ile ya Nairobi, kwa sababu ni mpya, na kwake kitu kipya ni dawa. Mke wangu akataka ya mbali. Alisema mwanamume anayeishi kwenye shamba lenye mfereji na nyoka anahitaji kuona anapokanyaga, kitabu atasomewa. Nikasema mimi nataka ya karibu. Wakaniuliza karibu kuna nini. Nikachora kwa vidole ardhini. Nikasema kuna stendi ya nota.

Binti akatazama ile michoro ardhini. Halafu mke wangu akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akamwambia binti yake, "Unaona? Nimekaa na mke mwenza wa bati miaka arobaini, na bado ndiye anayeulizwa kwanza."

Lakini alipomaliza kucheka akasema basi, kama ni besi, iwe besi. Elirehema akakasirika. Alisema hatuwezi kutoa jicho la mtu kwa ajili ya kanisa. Hakuniaga vizuri siku ile, na ilichukua muda mpaka tukapatana. Mjue hilo nalo litakuja. Watoto wakikuogopea wanakuja na hasira.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Siku ya kazi, hakuna mtu, nikaenda peke yangu kwenye chumba cha tarumbeta. Nikakaa kwenye kiti changu, nikakumbatia besi, nikaweka stendi mahali pake, nikachukua kamba ya mgomba, zile tunazofungia majani ya ng'ombe, nikaivuta kutoka kwenye nyusi mpaka kwenye karatasi. Nikafunga fundo hapa, fundo kule. Nikaitia mfukoni. Nilijiona fundi.

Daktari alipoiona kamba alifurahi kweli, akaita mpaka manesi waje watazame. Akaipima kwa rula. Kisha akanitazama. Akasema, "Hii ni fupi, Baba. Nusu ya nilivyotegemea. Una hakika?"

Nikamwambia mwanangu, kile kiti nimekikalia kabla mama yako hajakufikiria. Akainamisha kichwa, akaandika.

Jicho la kwanza lilifanywa mwanzo wa mvua za vuli. Sitakutisha wala sitakudanganya. Kuna sindano ya ganzi kando ya jicho na hiyo utaisikia. Baada ya hapo ni taa, na maji yanatiririka sikioni, na sauti ya daktari anaomba vitu vyake polepole kama mwanamke anayepika na hataki kuamsha mtoto. Nesi mmoja alinishika mkono toka mwanzo mpaka mwisho. Mkono mkavu, una pete. Sura yake sikuiona, na nilipofunguliwa kesho yake sikujua nimshukuru nani, nikawashukuru wote.

Tulilala Olasiti kwa Elirehema, naye bado amenuna. Asubuhi bandeji ikatolewa. Kitu cha kwanza ni kitambaa cha meza ya nesi. Bluu. Nilikuwa nimesahau kwamba bluu ina ukali. Kila kitu kwangu kwa miaka kilikuwa rangi ya chai. Halafu nikaona mikono yangu, nikashtuka imezeeka lini. Halafu mke wangu akainama kuniwekea matone, na kwa sababu nilichagua karibu, alipokaribia nikamwona wote, mikunjo, kovu dogo la utotoni juu ya mdomo, nywele nyeupe zinazotoka kwenye kilemba.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Sijaoga."

Nikaendelea kutazama.

"Kama unataka kudai mahari irudishwe," akasema, "wazee waliopokea wamekufa wote."

Matone yalikuwa mara nne kwa siku. Hiki ndicho kipande cha ugonjwa ninachokikumbuka kwa upendo. Kila mara mke wangu anakaa kwenye benchi la nje, nalaza kichwa kwenye mapaja yake, ananifungua jicho kwa vidole viwili vinavyonuka vitunguu. Tone moja, nafumba, anahesabu. Wakati mwingine anasahau kuhesabu, tunabaki hivyo hivyo, tunazungumza habari za watu. Watu wapitao njiani walituona tukiwa hivyo mchana, wazee wazima, na baadhi walipiga hodi kwa mbali sana.

Ila tuligombana pia. Nilikatazwa kuinama, kubeba, na kupuliza tarumbeta wiki sita. Mke wangu aliusimamia ule mwiko kama askari. Nikipuliza hata chai ya moto anasema aah, Baba Elirehema, jicho.

Wiki sita zikaisha, nikarudi Jumatano kwenye mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Nikakaa wima kama mtu mpya. Nikatazama karatasi. Moshi. Nikasema labda ni mwanga. Nikasogeza kichwa mbele, mbele, mpaka paji likakaribia stendi, na nota zikatokea safi kama zimechapwa. Nikakaa wima, moshi. Nikainama, safi. Nilipuliza jioni ile nikiwa nimejikunja, na nikirudi nyumbani mgongo unauma nikaanza kuelewa nilichofanya, ila sikutaka kumaliza kuelewa.

Nikarudi kwa daktari na kamba yangu. Hakunilaumu. Alivuta kiti katikati ya chumba, akasema, "Kaa unavyopiga." Nikakaa. Mgongo ukapinda wenyewe, kidevu mbele. Akasema, "Sasa kaa ulivyokuwa ukikaa kabla hujaumwa."

Ikanibidi nikumbuke. Nikajinyoosha polepole. Akashika fundo moja kwenye nyusi yangu na kuinyoosha kamba mbele, na fundo la pili likaishia hewani, mbali kabisa na pale stendi ingekuwa.

"Hili jicho ulilipimia ugonjwa, Baba," akasema.

Nilikaa na hiyo kamba mkononi. Mimi nilimpelekea kipimo cha mtu aliyeinama miaka, kwa sababu nilisahau kwamba zamani sikuinama. Ukisoma hili tu ukaacha mengine inatosha. Ukienda kuchagua lenzi usimpime mtu uliye leo. Muulize anayekaa na wewe ulikuwa unakaaje.

Daktari alisema si hasara. Miwani ingenisaidia, na jicho hilo litanisomea Biblia mpaka mwisho, bila miwani. Kisha akasema lipo la pili, nilete na hilo tarumbeta lenyewe.

Nikalipeleka. Baada ya mwaka mpya, jua kali, mkwe wangu akatupakia kwenye pikapu, besi nyuma imefungwa blanketi kama mgonjwa. Chumba kizima cha kungojea kilisimama. Mzee Temba alikuwepo, amekuja kuangaliwa, maana yeye aliagiza ile ya Nairobi macho yote mawili. Alinisomea gazeti, akanionyesha mlima dirishani, ana raha. Kisha akanivuta karibu akasema ukweli. Jioni kila taa ya gari ina taji, mbili kwa kila gari, na ameacha kuendesha giza likianza kuingia. Mke wake sasa ndiye dereva. "Nimenunua macho nikauza usukani," akasema, na akacheka vile vile.

Pembeni yake alikuwa mama mmoja wa kwetu aliyechagua ya mbali. Anahesabu mbuzi ng'ambo ya korongo, kila mmoja kwa jina, lakini sindano anatungiwa na jirani. Tukalinganisha pale, watatu, kama watu wanaolinganisha wakwe. Hakuna aliyepata vyote. Hakuna aliyetaka kubadilishana pia.

Watu wakaniomba nipulize. Nikasema daktari atakasirika. Mzee Temba akasema daktari ni Mlutheri. Nikapuliza beti moja, besi peke yake, sauti ambayo haina wimbo, ni sakafu tu. Mama mmoja mwenye bandeji akaimba juu yake, na wengine wakajua ni wimbo gani, wakaingia. Daktari alitoka na mkasi mkononi, akasimama mpaka tukamaliza. Halafu akanikalisha chumbani na besi mapajani, mgongo wima, mke wangu akaitwa aseme kama ndivyo nilivyokuwa nikikaa. Mke wangu akanishika kidevu akakirudisha nyuma kidogo. "Hapo," akasema. Wakavuta futi ya fundi cherehani kutoka jichoni hadi kwenye stendi, na kipimo hicho kikaandikwa.

Jicho la pili likaenda bila shida. Sindano ile ile, maji yale yale sikioni. Matone tena, benchi tena, mapaja tena. Safari hii Elirehema alikuja mwenyewe wiki nzima kunipikia, akaniomba radhi kwa maneno ya kuzunguka, nami nikampokea kwa maneno ya kuzunguka.

Sasa macho yangu yako hivi. La kulia linasoma, la kushoto linaona kuanzia urefu wa mkono mpaka ng'ambo ya chumba, na mlima nauona kama mtu anavyomwona jirani asiyegombana naye, najua upo. Siku za kwanza kichwa kiliuma kwa sababu hayakukubaliana. Baadaye yakagawana kazi. Nikimtazama mke wangu akiwa upande wa pili wa moto namwona kwa la kushoto. Akisogea namwona kwa la kulia. Hajawahi kuangukia katikati nikampoteza.

Masika ikaingia, na Pasaka. Wiki zangu sita zilikuwa zimekwisha siku chache kabla, mazoezi sikwenda, lakini nyimbo za Pasaka hazibadiliki. Asubuhi ile hakukunyesha. Tulipanga viti nje, kando ya ukuta wa kanisa, kama kila mwaka. Nikakumbatia besi. Nikakaa wima, mgongo kwenye kiti. Nikatazama stendi, na kila nota ilikuwa na mkia wake.

Ulikuwa wimbo wa Krismasi.

Nikageuza karatasi. Nyuma yake wimbo mwingine wa Krismasi. Eliamini alikuwa ameshainua mkono, hakukuwa na muda wa kuuliza, nikapuliza kwa kichwa. Beti ya kwanza ikapita. Beti ya pili nikatazama kushoto kwangu, kwa Samweli mwenye mashine ya kusaga. Miaka hii yote nilimjua Samweli kuwa anapiga sauti ya tatu, kwa tarumbeta la kadiri. Alichokumbatia ni besi. Besi kuukuu iliyozibwa kwa bati, na vidole vyake vinakwenda kama vyangu, ila vinatangulia kidogo. Vinafika pale wimbo unapofika. Karatasi yake ilikuwa ya Pasaka, imechakaa kwenye mikunjo, ina alama za penseli za mahali pa kuvuta pumzi, na juu yake, kwa mwandiko wa Eliamini, jina langu.

Beti ya tatu nikatoa mdomo. Nikakaa nimelikumbatia besi bila kupuliza.

Besi ikaendelea. Haikupungua.

Eliamini aliona. Mkono wake ulikuwa unaongoza, lakini macho yalikwenda kwa Samweli, na Samweli akainamisha yake chini huku mashavu yamejaa pumzi. Hakuna aliyewahi kuniambia. Sijui ni Jumatano ngapi walizokaa bila mimi wakapanga. Samweli ana mashine, ana watoto sita, na alijifunza besi ukubwani ili mzee asiye na macho asiambiwe. Nikamsikiliza. Anapiga vizuri. Mwisho wa mstari anabana kidogo, hilo nalo atalizoea.

Beti ya mwisho nikarudisha mdomo, nikapuliza polepole, chini ya sauti yake, nisimfunike.

Tulipomaliza nikafuta mdomo wa besi kwa leso yangu, nikalilaza kwenye kiti. Nikampa Samweli mkono. Alinishika kwa mikono miwili. Eliamini akaja, ana jasho, akasema, "Tumekwenda vizuri, Baba. Jumatano mazoezi kama kawaida."

"Samweli asogee pale katikati," nikamwambia. "Na hizi karatasi zitunzeni. Krismasi itafika."

Mke wangu alikuwa kwenye njia, ananingoja na wanawake wenzake. Akatazama mikono yangu mitupu, kisha akatazama kiti. Tukapita katikati ya migomba, tukavuka mfereji, yeye mbele mimi nyuma, na kila mti wa daraja niliuona mwenyewe. Chumba kile cha tarumbeta sijaingia tena.